Mgongo wa Mkono

Mimi ni mwoga wa umeme. Naliweka wazi mwanzoni kabisa, kwa sababu wateja wangu hawalijui. Pale Makambako, karibu na njia panda yanapokatia malori yanayokwenda Zambia, wananiona nimevaa aproni ya ngozi na kioo cheusi usoni, cheche zinaruka mpaka barabarani, wanasema huyu mama ana roho ngumu. Sina roho ngumu. Nina mdomo mgumu tu. Kila asubuhi nikiwasha mashine ya kuchomelea na kuisikia inaanza kunguruma, mtu yeyote aliye karibu nitamfokea kwa kosa lolote ili asione kwamba naogopa.

Kazi hii nilifundishwa na mume wangu. Tulipooana alikuwa na mashine moja tu, sanduku la bati lenye matundu ubavuni, limeundwa na fundi wa mtaani na kupakwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye mlango wa mtu. Kwa miaka miwili ya kwanza kazi yangu ilikuwa kushika chuma. Fundi akitaka kuunganisha vipande viwili, lazima mtu avishike visicheze mpaka avishikize kwa nukta ya kwanza ya moto. Mtu huyo alikuwa mimi. "Geuka," ananiambia, nami nageuza uso, nafumba macho, nakaza mikono na kumwomba Mungu. Leo nikiona mke wa mtu anafanyiwa hivyo nasimamisha kazi na kugombana, hata kama karakana si yangu.

Wakati ule nilidhani kufumba macho kunatosha. Wiki ya kwanza nilimaliza siku nikiwa salama, jioni macho yakaanza kuwasha kama yamejaa mchanga, machozi yanatoka yenyewe, taa ya kibatari siwezi kuitazama. Nilimpigia simu mama yangu kijijini Yakobi, kule Njombe, nikiwa nalia. Akaniambia nikate kiazi kibichi vipande viwili niviweke juu ya macho nilale. Sijui kama kiazi ndicho kilichonitibu. Kilikuwa cha baridi, na kilikuwa kimeagizwa na mama, nikalala.

Baada ya kushika chuma nikapandishwa cheo, nikawa mpimaji. Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa maana yote yaliyotokea yanaanzia hapa. Mashine yetu ilikuwa ya bati, na umeme ukivuja ndani, bati lote linakuwa na umeme. Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi, mashine ikishawashwa, mmoja wetu aliigusa kwa mgongo wa mkono. Si kwa kiganja. Mume wangu alinieleza kwamba umeme ukikuta kiganja, vidole vinajifumba na kushika, hutaweza kuachia hata ukitaka. Ukikuta mgongo wa mkono, mkono unaruka wenyewe kurudi nyuma. Yeye alifundishwa hivyo na fundi wake, na fundi wake na fundi wake mwingine, na mafundi wote pale mtaani kwetu walipima hivyo hivyo.

Nilikuwa naogopa zoezi hilo kuliko kitu chochote. Nilibana pumzi, nikapeleka mkono taratibu, nikapitisha vifundo vya vidole kwenye lile bati la bluu haraka haraka, nikauvuta. Hakuna kitu. "Iko poa," namwambia mume wangu. Miaka sita nilifanya hivyo kila siku ya kazi, na miaka sita sikuwahi kusikia hata mtekenyo. Kidogo kidogo nikaanza kujiona. Wateja walipouliza kama mashine yetu ni salama, ni mimi niliyejibu, na nilijibu kwa maringo.

Jambo moja sikulifikiria hata siku moja. Nyanda zetu hizi ni za mvua na ukungu na tope, na kwetu gambuti, yale mabuti marefu ya mpira, si viatu vya kazi maalumu. Ni viatu tu. Mtu anavaa gambuti kwenda shambani, sokoni, hata msibani kama njia ni mbaya. Mimi nilizivaa tangu naamka mpaka naoga. Mume wangu vilevile.

Geti la mama lilitokana na nguruwe. Jirani yake pale Yakobi alikuwa na nguruwe wawili wasiofungwa, wakawa wanaingia na kufukua viazi vyake. Mama alisema, akarudia kusema, jirani akacheka. Mimi nikasema basi, nitamtengenezea mama yangu geti ambalo nguruwe akilisukuma ataumia kichwa. Tulikata mabomba ya mraba na kuyaunga Makambako wiki nzima, geti la milango miwili, na juu nikaweka maua matatu ya chuma niliyoyakunja mwenyewe. Kilichobaki ni kwenda kuchomelea bawaba kwenye nguzo pale pale. Tukapakia geti, nguzo na mashine kwenye pikapu ya kukodi, tukaenda. Barabara ni ya lami, lakini kuanzia kona ya kuingilia Yakobi ni makorongo, na mashine ilipigwapigwa huko nyuma mpaka nikawa naisikia kutoka mbele.

Nguzo tulizisimika kwa zege siku hiyo, tukazipa siku tatu zikauke, tukarudi. Siku ya kurudi kulikuwa na manyunyu. Si mvua ya kukimbia, ni yale manyunyu ya Njombe yanayoanza asubuhi na hayana haraka. Mume wangu alimsalimia mama akiwa amechuchumaa hatua kadhaa mbali naye, "Kamwene, mama," naye akaitikia akitazama pembeni. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai mkeka mmoja. Wanapendana sana wale wawili, lakini kwa umbali.

Nikamwambia mume wangu tungoje manyunyu yaishe. Nilimwambia kweli, ingawa najua mtu akisimulia baadaye huwa anajipendelea. Akasema pikapu inaondoka saa nane. Nami nikakubali upesi mno, kwa sababu nilitaka mama alale siku hiyo geti limefungwa na jirani alione.

Umeme tuliuchukua sebuleni kwa mama. Waya mrefu ulipita dirishani, ukakatiza uwanja, mpaka getini. Haukuwa na plagi. Ncha zake mbili tulizichomeka moja kwa moja kwenye matundu ya soketi, tukazikandamiza kwa njiti za kiberiti zisichomoke. Mle ndani ya waya kuna uzi wa tatu, wa kijani wenye mstari wa njano, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Huo tulikuwa tumeukunja na kuuzungushia utepe wa gundi tangu siku tulipoununua, kwa sababu mashine inanguruma bila huo, na kitu kikifanya kazi bila kitu fulani, sisi tunasema hakihitajiki.

Mashine tuliiweka chini, tukaona inazama kwenye tope. Tukaiinua na kuiegemeza kwenye nguzo ya geti, bati la mashine limegusana na chuma cha nguzo. Tuliona tumefanya akili.

"Umeigusa?" mume wangu akauliza.

Nikabana pumzi. Nikapitisha mgongo wa mkono. Hakuna kitu.

"Iko poa," nikasema.

Akashusha kioo na kuanza bawaba ya kwanza. Mimi nilikuwa upande wa pili, nashika mlango wa geti kwa glovu za ngozi, nimegeuka. Bawaba ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika. Akasimama kubadilisha kijiti cha kuchomelea, na kwa sababu ule mwanga ulikuwa umekoma, nikafumbua macho.

Mama alikuwa anakuja na chai. Chupa ya chai mkono wa kushoto, kikapu cha viazi vya kuchemsha kimening'inia kwenye kiwiko. Alikuwa amevua kandambili zake na kuziacha mlangoni, maana tope lilikuwa linazing'ang'ania na yeye anachukia kuburuta viatu. Miguu mitupu, gauni amelikunja. Alikuwa anatabasamu, si kwangu, anayatazama maua yangu ya chuma. Nilikumbuka baadaye kwamba hilo ndilo lililonifurahisha, hata sikuona mguu wake unateleza. Aliteleza kidogo tu, jambo la kila siku. Akanyoosha mkono wa kulia, akaishika nguzo ya geti ili asianguke.

Aliishika kwa kiganja.

Sauti iliyomtoka sitaiandika. Ilikuwa fupi, na baada yake hakukuwa na sauti nyingine, na hicho ndicho kilichoniogopesha zaidi, kwamba mdomo ulikuwa wazi na hautoi kitu. Chupa ikaanguka. Mkono haukuachia. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka mtetemo mdogo wa haraka na macho yake yalikuwa kwangu. Alikuwa ananiona. Mpaka leo nina hakika alikuwa ananiona na kuningoja nifanye kitu.

Mume wangu alikuwa karibu naye zaidi. Alitupa kijiti, akainua mikono yote miwili kumdaka, na mikono ikasimama hewani. Hakuwaza umeme, aliniambia mwenyewe. Mwili wake tu ulikataa kumkumbatia mama mkwe. Angemdaka mikono mitupu, niliamini na yeye angeshikwa, na ningekuwa na wawili. Nilipiga kelele, "Usimguse!" lakini tayari alikuwa amesimama.

Miguu yangu ilikataa. Mtu anayejisifu mdomo mgumu, nilisimama pale nimeshika geti kama ng'ombe. Sijui ni muda gani. Ninachojua ni kwamba soketi ilikuwa sebuleni, na kufika sebuleni ni kukatiza uwanja mzima na kufungua mlango, na nilijua kwamba nikienda huko nitarudi nimkute amekufa. Kisha nikauona waya mbele ya gambuti zangu, umelala kwenye tope. Nikaukamata kwa glovu zote mbili na kuuvuta kwa nguvu zangu zote, nikaanguka chali.

Njiti za kiberiti zikaachia. Mashine ikanyamaza. Mama akaanguka.

Watu wakisikia kisa hiki husema Mungu ni mkubwa, na mimi naitikia amina. Lakini kinanichukiza kwamba kilichomwokoa mama yangu ni uzembe. Tungekuwa na plagi nzuri iliyokaza, nisingeichomoa kwa kuvuta. Tungekuwa na plagi nzuri na ule uzi wa kijani, asingehitaji kuokolewa. Hata shukrani yangu ina kutu.

Alikuwa anapumua. Kiganja chake kilikuwa na alama nyeupe iliyoungua, mstari ulionyooka wa pembe ya nguzo. Tukampakia kwenye pikapu ileile, mimi nyuma nimempakata, na njia nzima nilikuwa nimeweka sikio kifuani kwake, makorongo yanatupiga, nikisikia moyo nikaupoteza, nikausikia, nikaupoteza. Sijawahi kuogopa vile na sitaki kuogopa vile tena. Nilikuwa namfokea. Ndiyo, namfokea mama yangu mzazi, "Kwa nini hukuvaa viatu! Nani alikutuma chai!" Dereva aliniambia baadaye kwamba alidhani nimerukwa na akili.

Hospitali walimlaza siku mbili kuutazama moyo. Siku ya tatu akatoka, mkono umefungwa bendeji, akauliza kama viazi vilivyoanguka kuna mtu aliviokota.

Niliporudi Makambako nilibeba ile mashine kwa mikono yangu mpaka kwa fundi umeme mmoja, mzee mpole ambaye zamani alifundisha chuo. Akafungua bati. Pale waya unapoingilia kwenye sanduku palitakiwa pawe na mpira wa kuukinga, haukuwepo, na bati lilikuwa limeula waya mpaka shaba inaonekana. Shaba imegusa bati.

"Mlikuwa mnaipimaje hii?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Nikapitisha mgongo wa mkono hewani.

"Ukiwa umevaa nini miguuni?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimezivaa hata wakati ule, na tope la Yakobi limekaukia juu yake.

Hakunicheka. Alinieleza taratibu kwamba umeme hukupiga ukipata njia ya kupita kwako kwenda ardhini, na mimi na mpira wangu nilikuwa nimeifunga njia. Ningeweza kuigusa mashine iliyojaa umeme asubuhi na jioni na kuiita salama. Gambuti zilinikinga mimi. Hazikumkinga mtu mwingine yeyote. Akasema pia kwamba dawa yake si kupima bila viatu, hapo ningekufa zamani, bali ni kutopima kwa mwili kabisa. Nilikuwa nahesabu kichwani watu wote walioegemea mashine ile kwa miaka sita.

Siku hizi karakana yetu ni ya masharti. Kuna plagi, kuna uzi wa kijani uliofungwa kwenye chuma kilichozamishwa ardhini, kuna swichi ya kukata umeme ambayo mkono wa mtu unaifikia bila kukimbia. Mashine inakaa juu ya ubao mkavu, mbali na chuma tunachochomelea, na inapimwa kwa kifaa. Mvua ikinyesha tunafunga. Hakuna anayeshika chuma kwa mkono, tuna vibanio. Hakuna anayeleta chai. Wateja wananiona mkorofi, na waendelee kuniona hivyo.

Nilipokwenda Yakobi kumwomba mama radhi, nilimweleza kila kitu. Niliona ni haki yake. Nilimweleza habari ya kupima kwa mgongo wa mkono, na jinsi gambuti zilivyonidanganya, kwamba mtu aliyevaa mpira hausikii umeme hata kama upo. Alisikiliza akimenya viazi vya kuchemsha kwa mkono mzima, ule mwingine ameulaza kwenye mapaja. Mwisho akasema, "Kumbe viatu vinaficha." Nikasema ndiyo, mama, vinaficha. Nilifurahi kwamba ameelewa.

Miezi kadhaa ikapita. Likizo moja nikawapeleka watoto wangu kwa bibi yao, tukashuka asubuhi na mapema kwenye ukungu. Tukamwona kwa ndani anakuja kutufungulia. Alifika hatua moja kutoka getini, akasimama, akavua viatu na kuviweka pembeni vizuri. Akakanyaga tope kwa miguu mitupu. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, ule wenye kovu, akaugeuza, na kwa mgongo wake akaigusa nguzo. Akagusa bawaba. Akagusa komeo. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na haikuwa baridi. Ndipo akafungua.

"Piteni," akasema. "Nimeshaligusa."

Nikawaacha watoto wakimbilie ndani. Nikamwambia, "Mama, geti halina umeme. Umeme ulikuwa wa mashine, na mashine tuliondoka nayo. Hiki ni chuma tu."

"Na siku ile ulisema iko poa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

"Unafanya hivi kila siku?"

"Kila asubuhi. Watoto wa jirani wanapita hapa kwenda shule, wanapenda kuning'inia. Na ninyi mnakuja." Akaanza kuvaa viatu vyake. "Mimi nimeshaishi, mwanangu."

Nilijaribu siku nzima. Nilimchorea chini kwa kijiti. Nililishika geti kwa mikono miwili mbele yake na kulitikisa, akaitazama tu miguu yangu iliyokuwa kwenye gambuti. Hapo nikaelewa kwamba hakuna maneno niliyobaki nayo ambayo yeye angeweza kuyaamini.

Kesho yake nikaamka kabla yake. Niliazimia kwamba siku nikiwepo, nitaligusa mimi, na nitaligusa kwa namna anayoiamini. Nilienda getini ukungu ukiwa mzito, nikavua gambuti, nikavua na soksi. Tope lilikuwa la baridi kali, likapanda kati ya vidole. Nikainua mkono, nikaugeuza.

Mimi ni fundi. Lile geti nililikata mwenyewe, ninajua kila kiungo chake, na ninajua kwamba hakuna waya hata mmoja unaolifikia. Mkono ukasimama kabla ya kufika. Nikausukuma, haukwenda. Jasho likanitoka kwenye baridi ile, na nilisikia moyo wangu kama nilivyousikia wa mama kwenye pikapu. Nilisimama vile, sijui muda gani, nikilia kwa hasira.

Sikumsikia akija. Nilichoona ni mkono wake unapita juu ya wangu, umegeuzwa, kovu likiwa kwa ndani, ukaigusa nguzo na kutulia hapo.

"Halina kitu," akasema. "Kavae viatu, kuna baridi."